Samaki Kwanza, Maswali Baadaye

Kama ulifanya KCSE miaka ya katikati ya 2010, Becky unamjua. Huenda umesahau mambo mengine yote ya The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka 1994. Umesahau ng'ombe 30 waliotolewa mahari ya Akoko, umesahau nani alimzaa nani. Lakini Becky hujamsahau. Yule mrembo, mhudumu wa ndege, aliyempokonya pacha wake mpenzi, akaolewa na mzungu, akakosa uaminifu, akafa kwa UKIMWI.

Mwalimu wetu aliandika jina lake ubaoni, akapiga mstari chini yake, akatuuliza sifa zake. Tukapaza sauti kama tuko mnadani. Mbinafsi! Mwenye wivu! Mwenye kiburi! Akaandika zote. Kisha akauliza tumejifunza nini, na darasa zima likajibu kitu kimoja: ukiishi hivyo, utakufa hivyo. Tukanakili. Kengele ikalia, tukaenda kula githeri.

Nimekirudia kitabu hicho mwaka huu, nikiwa na miaka 26, nimeketi nyuma ya kibanda cha mathe hapa Obunga, Kisumu. Sikukirudia kwa ajili ya mtihani. Nilikirudia kwa sababu katikati ya mtihani ule na leo, mimi pia nimekuwa jina la kuandikwa ubaoni. Na nimegundua kwamba tulifundishwa nusu ya kitabu. Tunakisifu kila siku kuwa kitabu cha wanawake wenye nguvu, na ni kweli, ni hicho. Lakini pia ni kitabu kuhusu neema: nini kinampata mtu aliyeingia kwa Mungu kwa miguu yake mwenyewe, akaanguka akiwa ndani. Ogola ana wanawake wawili wa aina hiyo. Mmoja alirudishwa nyumbani. Wa pili ni Becky.

Wa kwanza ni Nyabera, binti ya Akoko. Huyu amezika watoto mmoja baada ya mwingine, kisha akazika mume. Amebaki na binti mmoja tu, Awiti. Katika giza hilo anasikia habari za dini mpya, na mwishowe yeye, mama yake na watoto wanahamia misheni ya Wakatoliki kule Aluor. Anabatizwa, anaitwa Maria. Ukisoma haraka unadhani hadithi yake imekwisha, ameokoka, asante, ukurasa ufuatao.

Lakini Nyabera anaondoka misheni. Anataka mtoto mwingine. Kwa mwanamke Mjaluo wa wakati ule, kuzika karibu watoto wote na kukaa kimya halikuwa jambo la kuambiwa tu uombe sana. Anaenda kuishi na Ogoma Kwach, jamaa ya marehemu mumewe, mwanamume aliye na mke tayari. Kwa mafundisho ya kanisa aliloingia, hili si kosa dogo la kukosa misa Jumapili moja. Ni kuacha njia kabisa. Anamwachia Akoko mtoto na kwenda zake. Ndoa ile haishiki. Hapati alichokifuata. Na anarudi.

Kinachonigusa sasa, na ambacho nikiwa kidato cha tatu kilinipita kabisa, ni jinsi Ogola anavyokataa kuufanya urejeo huo kuwa mkutano wa injili. Mwandishi mwingine angetupa kurasa kumi za machozi, Nyabera amepiga magoti, waumini wanaimba, kasisi amenyoosha kidole. Ogola alikuwa Mkatoliki wa dhati, mwanachama wa Opus Dei, angeweza kabisa kuandika hivyo. Hakuandika. Akoko yupo palepale alipokuwa, mtoto ameendelea kulelewa, nyumba ina moto jikoni. Nyabera anaingia, maisha yanaendelea, na imani yake inaendelea nayo, tena ikiwa imara zaidi. Nusu yote ya pili ya riwaya, Awiti aliyekuwa mwalimu, watoto wake, daktari, padri, wote wanamea kutoka kwenye nyumba hiyo ambayo haikumwuliza aliyerudi maswali mlangoni.

Mlangoni, nasema. Sisemi hakuulizwa kamwe. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ili kuieleza lazima nipite ziwani.

Kuna hadithi katika Injili ya Yohana, sura ya 21, ambayo mtu yeyote aliyelelewa ufukweni anaielewa kabla ya kuhubiriwa. Petro ameshamkana bwana wake mara tatu. Alimkana akiwa ameota moto wa makaa uani, usiku wa baridi. Baada ya yote yaliyotokea, anarudi kwenye kazi anayoijua: anaenda kuvua. Usiku kucha, hakuna kitu. Asubuhi wanamwona mtu ufukweni. Petro anajitupa majini kumwendea. Na anapofika anakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wanaosoma Kigiriki wanatuambia kwamba neno hilo la moto wa makaa linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, kule uani na hapa ufukweni. Mahali ulipoangukia na mahali unapopikiwa pananukia moshi uleule.

Kisha wanakula. Kwanza wanakula. Ni baada ya chakula ndipo Petro anaulizwa kama anampenda, mara tatu, idadi ileile aliyokana, na mara ya tatu anaumia. Maswali yapo, na ni makali. Lakini hayakuwa kiingilio. Hakuambiwa ajieleze akiwa bado majini, nguo zinamdondoka. Samaki kwanza, maswali baadaye.

Sasa niseme yangu, kwa sababu si haki kuwachambua watu wa vitabuni huku nimejificha.

Nilipoitwa chuo kikuu, kanisa letu, ambalo sitalitaja, lilinifanyia harambee. Watu waliouza sukuma wiki na makaa walitoa noti zilizokunjwa mara nne. Niliombewa mbele, mikono kichwani. Mwaka wa tatu niliacha masomo. Sababu zilikuwa nyingi na hakuna hata moja ya kishujaa: nilifeli kozi mbili, nikala karo ya muhula mmoja nikijiambia nitairudisha, nikaacha kwenda darasani, nikaona aibu, aibu ikanizuia kwenda tena. Kwa karibu mwaka mzima nilimwambia mathe nasoma. Nikirudi likizo naenda ibadani, nasimama na wanafunzi wenzangu tukiombewa mitihani. Mitihani gani, buda?

Iliposikika, niliitwa. Nikaambiwa nitasamehewa, hakuna shida, Mungu ni wa neema. Ila Jumapili nisimame mbele nitoe ushuhuda. Nieleze kila kitu, ili vijana wengine wajifunze. Nilijaribu kuuandaa ushuhuda huo, na hapo ndipo nilipoona kasoro yake. Ushuhuda mzuri lazima uwe na mwisho. Ulikuwa mlevi, sasa umeacha. Ulikuwa gizani, sasa kuna nuru. Mimi sikuwa na mwisho. Nilikuwa katikati. Ningesimama niseme nini, kwamba nilikula pesa zenu na bado sina kazi? Ningelazimika kudanganya tena, safari hii kwa jina la Yesu. Sikwenda. Hadi leo sijarudi.

Mathe hakuitisha mkutano. Anauza mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta unaobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kupeleka Ulaya. Anaukaanga, watu wa mtaa wanaula. Siku niliyorudi na begi lote, godoro pia, aliangalia godoro. Mtu harudi likizo na godoro. Alielewa palepale. Akasema, "Bi ichiem." Njoo ule. Nikala. Alinipa kipande chenye nyama, kile ambacho huwa anamwekea mteja.

Maswali yalikuja baada ya wiki mbili, na usidhani yalikuwa laini. Aliniuliza kiasi gani. Aliniuliza nilidanganya lini mara ya kwanza. Kisha akaniuliza, "Wuoda, pesa za watu utazirudisha namna gani?" Hilo la mwisho aliliuliza zaidi ya mara moja. Nimeanza kurudisha, kidogo kidogo, kutoka kwa malipo ya makala kama hii; mama wa makaa nimemalizana naye. Najua kwa hakika kwamba kama maswali yangetangulia, siku ile ya godoro, ningegeuka na kupanda matatu kurudi Nairobi, na leo sijui ningekuwa wapi.

Ukidhani huu ni ugomvi wangu binafsi na kanisa moja, hapana. Ni ugomvi wa zamani hapa Nyanza, na una majina. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda, ulifika kwetu na kuwasha moto ndani ya kanisa la Anglikana. Watu wa uamsho walisisitiza toba ya hadharani: simama, ungama, taja dhambi kwa jina. Kwetu waliitwa Joremo, watu wa damu, yaani damu ya Yesu. Wengine waliona kwamba toba hiyo imegeuka kuwa mizani ya kupimia nani ameokoka na nani bado, na kwamba upendo umetolewa nje. Hao wakaitwa Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga akaondoka na wafuasi wake, likazaliwa Church of Christ in Africa. Makao yao hapa Kisumu yanaitwa Dala Hera. Boma la upendo. Nimepita pale mara nyingi na sikuwahi kulifikiria jina hilo, mpaka niliposoma Nyabera kwa mara ya pili.

Lazima niwe mwadilifu kwa Joremo. Toba ya hadharani haikuwa ukatili mtupu. Katika kanisa ambalo watu wazito walijificha nyuma ya suti na vyeo, kusema "nimeiba" mbele ya watu kulivunja unafiki. Mwanamke asiye na cheo na mwalimu mkuu wangeweza kusimama kwenye sakafu moja. Mimi niliyejificha mwaka mzima siwezi kudharau ukweli unaosemwa kwa sauti. Tatizo langu si kuungama. Tatizo ni kuungama kukiwa tiketi, halafu kuna mtu mlangoni anaikagua kama ni halali.

Fasihi yetu inajua tiketi hiyo inagharimu nini. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1967, Mugo anasimama mbele ya umati siku ya Uhuru na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Anatoa ushuhuda kamili, bila kulazimishwa na yeyote. Na baadaye anauawa na wenzake. Ni mojawapo ya nyakati kubwa za riwaya ya Kenya, lakini angalia mpangilio wake: ukweli umetolewa wote, na ng'ambo yake hakuna moto wala samaki. Ngũgĩ anatuonyesha jamii inayohitaji ungamo la mtu mmoja, halafu haina mahali pa kumweka mtu huyo baadaye. Ogola, kwa Nyabera, alianza na mahali. Ndiyo maana nadhani kurasa zile tulivu za Aluor zina ujasiri ambao wakosoaji hawajazisifia vya kutosha.

Ndiyo maana pia Becky ananiuma.

Becky anazaliwa ndani ya nyumba ileile, mjukuu wa Nyabera, kitukuu cha Akoko. Familia imeshakuwa ya Kikristo kwa vizazi. Pacha wake Vera anajitoa kwa Mungu, kaka yake Tony anakuwa padri. Becky ni mrembo, na msimulizi anatuonya mapema, tangu akiwa mtoto, kwamba uzuri huo utamponza. Nyabera tulipewa sababu zake: makaburi, upweke, hamu ya mtoto. Becky tunapewa tabia tu. Nyabera alifanya kosa. Becky, jinsi anavyoandikwa, ndiye kosa lenyewe. Na ugonjwa unapomfikia, riwaya inapita haraka. Nimefunga kitabu mara mbili sasa, na mara zote mbili nimehisi kwamba uzuri wake niliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoruhusiwa kukaa naye kitandani.

Kumbuka kitabu kilitoka mwaka gani. Kisa cha kwanza cha UKIMWI Kenya kilitambuliwa 1984. Serikali ilikuja kuutangaza kuwa janga la kitaifa 1999. Ogola aliandika katikati, wakati watu walikuwa bado wanauita kwa mafumbo, na ufukwe huu wa ziwa ulikuwa unazika kila wikendi. Kuuweka ugonjwa huo ndani ya familia ya mashujaa wake, si kwa jirani, kulihitaji moyo, na hilo nampa. Lakini kwa kuuweka juu ya mwanamke mmoja ambaye tumeshafundishwa kutompenda, aliupa umbo la hukumu. Kwa mamilioni ya watoto wa shule tuliokuja kukisoma, wengi tukiwa na shangazi au mjomba aliyeondoka kwa njia hiyo, jibu lilikuwa limeshaandikwa ubaoni.

Mathe alikuwa na dada. Alikufa miaka hiyo ya tisini. Hakuwa mhudumu wa ndege, alikuwa akinunua omena kwa wavuvi na kuuza. Siku ya mazishi mhubiri alihubiri dhambi, jeneza likiwa mbele yake. Mathe ndiye aliyempikia dada yake miezi ya mwisho, na baada ya hapo kuna watu wa kanisa walioacha kula chakula kilichotoka mikononi mwake. Anayasimulia haya bila kulia, huku akigeuza samaki.

Mtu atanitetea Ogola, na utetezi upo. Riwaya haimwachi Becky bila chochote. Watoto wake wanachukuliwa na Wandia, shemeji yake, mwanamke wa kabila lingine, daktari, anayewalea kama wake. Ni tendo kubwa, na Ogola analiandika kwa upole. Lakini tazama neema inapotua: inamruka mama, inawaangukia watoto. Watoto hawakukosea. Kuwapenda wasio na kosa ni wema. Neema ni jina la kitu kingine, kigumu zaidi, kinachomhusu mwenye kosa akiwa bado hai na bado ananuka moshi.

Na hapa kuna jambo ambalo silioni kama dosari, bali kama fumbo la mwandishi huyu. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Kwa miaka alikuwa mkurugenzi wa matibabu wa Cottolengo, makao ya watoto yatima wenye virusi vya UKIMWI jijini Nairobi. Alikaa vitandani na wale ambao wengine waliogopa kuwashika. Alifariki 2011. Kazi ya mikono yake, kwangu, inasoma kama sura ambayo Becky alinyimwa. Pengine alijua. Pengine kitabu kilikuwa na haraka ya kufika mwisho wenye heshima, kama ushuhuda wa Jumapili. Mikono haikuwa na haraka hiyo.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii. The River and the Source kinabaki kitabu kikubwa, na kwa sehemu ya Nyabera kinafikia mahali ambapo mahubiri mengi niliyoyasikia hayafiki. Lakini ni kitabu ambacho kimesahau chenyewe kilichokijua. Babu zake walifungua mlango, wajukuu wakaweka mlinzi. Ukiwa mwalimu unayekifundisha, tafadhali andika ubaoni majina yote mawili, Nyabera na Becky, bega kwa bega, kisha uwaulize wanafunzi kwa nini mmoja alirudi. Watafika mbali kuliko sisi.

Jioni moja nilimsimulia mathe hadithi yote. Hajasoma kitabu hicho. Aliishia darasa la saba. Akoko alimpenda sana, alicheka Akoko alipowabishia wakubwa. Nyabera alimwelewa bila maelezo. Nilipofika kwa Becky, nikamweleza urembo, mzungu, ndege, ugonjwa, kifo, mathe alinyamaza kidogo, akatoa mgongo wazi kwenye mafuta, akauweka kwenye sahani.

"Na akiwa mgonjwa," akaniuliza, "nani alikuwa anampelekea chakula?"

Nikafungua kitabu nikaanza kutafuta.